Sura ya Nne: Nyuzi Thelathini za Mbau

Mbau iko kilomita zipatazo 20 kaskazini mwa mji wa Beni, kwenye barabara iendayo Oicha, Eringeti na Komanda. Ikweta inapita kusini mwake, kati ya Butembo na Lubero. Kwa sababu hiyo jua la saa sita mchana halishuki sana huko hata siku moja ya mwaka. Mwezi wa tatu na mwezi wa tisa linasimama utosini, na hata Juni na Desemba, linapoegemea upande, kivuli cha mtu mzima hakifiki nusu ya urefu wake. Mchana una saa kumi na mbili, Januari kama Julai. Kinachobadilika ni mvua: inanyesha kwa wingi kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba, kisha inapungua mwanzoni mwa mwaka na katikati yake bila kukatika kabisa. Mtu aliyezoea kusikia habari za joto kali kutoka nchi zenye majira manne, au kutoka jangwani, atatazama kipimajoto cha Beni, aone nyuzi 28, 29 au 30, na kuamua kwamba joto ni shida ya watu wengine. Sura hii inapinga uamuzi huo. Joto linaloweza kumwangusha mtu Mbau halisomeki kwenye kipimajoto peke yake. Linatokana na mambo manne yanayokutana, yaani unyevu wa hewa, jua la wazi, kazi nzito na kile alichovaa au anacholala chini yake. Anayeangalia namba moja tu atachelewa kuiona hatari.

Tuanze na mwili wenyewe. Mtu aliyekaa kimya anazalisha joto la wati 100 hivi, bila kufanya lolote zaidi ya kupumua na kusaga chakula. Akishika jembe kufyeka kichaka, au akibeba gunia la kakao kwa mkanda wa paji la uso kupanda kilima, kiasi hicho kinapanda hadi wati 400 na kuzidi, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo haiendi kwenye jembe wala kwenye gunia, inabaki mwilini kama joto. Lazima itoke, maana viungo vya ndani vinataka kubaki karibu na nyuzi 37. Hewa ikiwa baridi, ngozi inapoteza joto kwa kuguswa na upepo tu. Hewa ikikaribia joto la ngozi, njia hiyo inafungwa na jasho linabaki kuwa tegemeo kuu. Lakini jasho halipoozi kwa kutoka. Linapooza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke juu ya ngozi inaondoka na kilokalori 580 hivi za joto, wakati lita hiyohiyo ikidondoka chini ni maji na chumvi vilivyopotea bure. Na hewa iliyokwisha kujaa mvuke haina nafasi ya kupokea mwingine. Ndiyo maana asubuhi ya fukuto, mvua ya usiku inapofuka kutoka kwenye majani ya migomba na jua limeanza kuchoma, mtu analowa shati zima na bado hapati nafuu.

Jambo hili lina kipimo chake. Katika miaka ya 1950 jeshi la Marekani lilikuwa likipoteza vijana kwenye kambi za mafunzo za kusini mwa nchi hiyo, mahali penye joto na unyevu, na wataalamu wake wakabuni namna ya kuchanganya vipimajoto vitatu. Kimoja kimefungwa utambi uliolowa maji, kwa hiyo kinaonyesha ni kiasi gani hewa inaruhusu kitu kupoa kwa kukauka. Cha pili kimo ndani ya tufe jeusi lililowekwa juani. Cha tatu ni kile cha kawaida. Katika hesabu yao, kipimajoto cha utambi kilipewa uzito wa asilimia 70, tufe asilimia 20, na kile cha kawaida, ambacho redio hutangaza kila siku, asilimia 10 tu. Sasa tuchukue siku mbili za mfano. Moja ni ya nchi kame, nyuzi 42 na unyevu wa asilimia 15. Nyingine ni ya ukanda wa Mbau baada ya mvua, nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 60. Utambi utasoma karibu nyuzi 22 kwenye siku kame na karibu 24 kwenye siku ya Mbau. Tukikadiria kwamba tufe lililo juani linazidi hewa kwa nyuzi 12 pande zote mbili, hesabu kamili inatoa 30 hivi kwa nchi kame na 28 hivi kwa Mbau. Ile tofauti ya nyuzi 12 iliyomfanya mtu acheke joto la Beni imebaki nyuzi mbili. Kiwango cha kimataifa kinachotumika maeneo ya kazi kinaweka mpaka wa kazi nzito kwenye 26 kwa kipimo hikihiki, tena kwa mtu aliyekwisha kuzoea joto. Kwa asiyezoea ni 23. Mkulima anayefyeka juani siku hiyo ya nyuzi 30 amevuka mpaka muda mrefu kabla ya kuhisi kizunguzungu.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha thamani ya kivuli. Ukimwondoa mkulima juani ukamweka chini ya mti, tufe jeusi linashuka hadi karibu na joto la hewa, na jumla inaporomoka kutoka 28 hadi chini kidogo ya 26. Unyevu ni uleule na hewa ni ileile. Kivuli peke yake kimemrudisha upande wa usalama, ingawa kwa upana wa ukucha. Mashamba ya kakao yaliyoachiwa miti mirefu juu yake yanampa mfanyakazi ulinzi huu bila malipo, na uwanja uliokatwa miti yote hadi shina la mwisho unamnyang'anya. Wapo wanaosema msitu wenyewe ndio unaoleta fukuto kwa sababu unatoa mvuke na kuzuia upepo. Ni kweli kwamba chini ya miti mizito hewa hutulia, na kwa aliyelowa jasho utulivu huo ni hasara. Ila kinachopotea kwa upepo ni kidogo kuliko kinachookolewa kwa kukwepa jua la utosini, na ukingo wa msitu, penye kivuli na hewa inayopita, unampa mtu vyote viwili.

Ushahidi mzito kuliko wote kuhusu joto la eneo hili ulitokea mbele ya macho ya watu wake, ingawa haukuitwa kwa jina hilo. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, magharibi mwa Beni, ikaenea Beni, Butembo na kwingineko hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Wauguzi walioingia kwa wagonjwa walivaa mavazi ya kinga yasiyopitisha majimaji: vazi la mwili mzima, glavu mbili, barakoa, miwani, aproni, buti. Hali ya hewa nje ya hema ilikuwa ileile ya Beni inayodharauliwa. Lakini ndani ya vazi lile hewa inajaa mvuke kwa dakika chache, jasho halina pa kukaukia, na joto la mwili wa mvaaji linakuwa mfungwa wa mwili huohuo. Muda wa kukaa ndani ulipaswa kuhesabiwa, kwa kawaida saa moja hivi au pungufu, kisha mtu atoke, avuliwe kwa utaratibu, anywe maji, apumzike. Shirika la ALIMA lilileta Beni vyumba vya plastiki angavu vyenye hewa iliyopoozwa, vilivyoitwa CUBE. Muuguzi alimhudumia mgonjwa akiwa upande wa nje, mikono ikiwa ndani ya glavu zilizoshikizwa ukutani, bila kulazimika kuvaa vazi zima. Sababu ya kwanza ilikuwa kuzuia maambukizi, lakini faida yake ya pili ilikuwa kwamba muuguzi aliweza kukaa na mgonjwa muda mrefu zaidi. Hapa hakuna aliyeweza kusema wauguzi wale walikuwa wageni wa joto. Wengi walizaliwa Kivu na Ituri. Hewa ya kawaida ya Beni, ikikutana na vazi lisilopumua na kazi isiyosimama, ilitosha kumwekea mtu mwenye afya kikomo cha saa moja.

Hoja ya mazoea inastahili jibu la uangalifu zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Mwili unazoea joto. Mtu akifanya kazi kwenye joto kila siku kwa wiki moja hadi mbili, anaanza kutoa jasho mapema zaidi na kwa wingi zaidi, jasho lake linapungua chumvi, damu yake inaongezeka ujazo, na moyo haupigi kwa kasi ileile kwa kazi ileile. Ndiyo sababu mkulima wa Mbau anaweza kufanya kazi ambayo mgeni hataimaliza. Lakini mazoea yana tabia mbili zinazosahauliwa. Kwanza, yanapotea: mtu akikaa wiki chache bila kufanya kazi juani, kwa ugonjwa au kwa sababu vita imefunga njia ya shamba, anaporudi mwili wake umekwisha kusahau. Pili, hayahami pamoja na kabila wala jina la ukoo. Kwa miongo mingi watu wameshuka kutoka milima ya Lubero, kutoka Masereka na Kipese ambako ardhi iko karibu na mita 2,000 au juu yake, kutafuta mashamba kwenye nchi za chini za Beni. Butembo yenyewe iko zaidi ya mita 1,700, na kila mita 1,000 za kushuka huongeza nyuzi sita hivi. Aliyelala Masereka akiwa amejifunika blanketi mbili na Jumatatu inayofuata anafyeka kichaka Mbau amehama hali ya hewa bila kuvuka mpaka wa mkoa. Huyu ndiye wa kupewa nusu ya kazi wiki ya kwanza. Kwa desturi yetu mgeni ndiye hujitutumua kuliko wenyeji ili asionekane mvivu, na wenyeji wanamsifu kwa hilo. Sifa hiyo ni ya hatari.

Pingamizi jingine linatoka kwenye vituo vya afya, nalo ni zito: mbona hatuoni wagonjwa wa joto? Jibu ni kwamba tunawaona, ila wanaandikwa jina jingine. Katika nchi ambayo malaria haina likizo, mtu akiletwa kutoka shambani mwili unachoma, kichwa kinamuuma, anatapika, wa kwanza kushukiwa ni mbu. Shaka hiyo ni ya haki, na kipimo cha haraka cha malaria kifanyike kila mara. Tatizo ni kwamba palipo na malaria nyingi mtu anaweza kubeba vijidudu kwenye damu na bado kilichomwangusha siku hiyo kikawa joto. Homa ya malaria na joto la kuzidiwa ni vitu viwili tofauti mwilini. Kwenye homa, ubongo wenyewe umepandisha kiwango na unataka mwili uwe wa moto. Paracetamol inakishusha kiwango hicho. Mtu aliyezidiwa na joto hajapandisha kiwango chochote, ubongo wake bado unataka 37 ila mwili umeshindwa kutoa joto nje, na kwa huyo paracetamol haina kazi ya kufanya. Maswali yanayotenganisha hali hizo hayahitaji maabara: alikuwa anafanya nini saa moja iliyopita, juani au kivulini, alikunywa nini, na je, anajibu kwa akili timamu? Mtu aliyetoka kwenye kazi nzito, mwili wa moto, anayeropoka, anayeyumba kama mlevi au asiyejua jina la kijiji chake, ahesabiwe kuwa amepigwa na joto hadi ithibitike vingine. Jasho lisiwe kigezo. Wengi hufundishwa kwamba aliyepigwa na joto huwa mkavu, lakini anayeanguka kazini mara nyingi bado ana jasho tele.

Ushauri wa kawaida unaofuata ni kwamba watu wafanye kazi alfajiri na jioni. Ni ushauri mzuri kwa nchi yenye amani. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza kuuandama ukanda wa Beni, Mbau, Oicha na Eringeti, alfajiri si saa ya mtu kuwa peke yake kwenye njia ya shamba. Anayejali uhai wake husubiri mwanga utimie na habari za barabara zifike, kisha hutaka kuwa amerudi kabla giza halijakaribia. Kwa hiyo vita imeisukuma kazi ya shamba katikati ya mchana, kwenye saa zilezile ambazo daktari angemkataza mtu kutoka. Kumwambia mkulima huyo aende mapema ni kumtaka achague kifo kipi akikimbie. Palipo na nafasi ya kuchagua ni kwenye mpango wa kazi ndani ya saa alizonazo. Kufyeka, kuchimba na kubeba vifanyike saa ya kwanza baada ya kufika. Jua likifika utosini, watu waingie kivulini wapasue maganda ya kakao, wachambue mbegu, wanoe mapanga, kazi zinazofanywa kwa kukaa. Kwa kazi nyepesi kiwango hichohicho cha kimataifa kinaruhusu hadi 30 kwa aliyezoea. Kinachovuruga mpango huu ni malipo ya kipande. Kibarua anayelipwa kwa ukubwa wa eneo alilofyeka hatapumzika hata ukimwimbia, kwa sababu kila dakika ya kivuli inatoka mfukoni mwake. Mwenye shamba anayelipa kwa siku, au anayehesabu mapumziko ndani ya kipande, anaokoa watu wengi kuliko mabango ya afya.

Kuhusu maji, mengi yanasemwa na machache yanatosha. Anayefanya kazi nzito anahitaji kikombe kimoja kila dakika 20 hivi, asingoje kiu, kwa maana kiu huja mwili ukiwa umekwisha kupungukiwa. Kazi ikichukua saa nyingi na jasho likiwa jingi, maji matupu hayatoshi, chumvi irudishwe: chakula chenye chumvi kinafaa, na aliyedhoofika apewe mchanganyiko ule wa wagonjwa wa kuhara ambao akina mama wengi wanaujua, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, si maji. Pombe yoyote inaongeza mkojo, inapunguza busara ya kujua umechoka, na pombe kali ya mchana shambani inafanya yote mawili kwa haraka zaidi.

Kuna kundi lisiloshika jembe ambalo joto linalifuata nyumbani. Mwezi Agosti 2003 joto lilipoua watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao walikuwa wazee, na si wachache walifia majumbani mwao, usiku usipoleta nafuu. Mbau haifanani na Paris, na usiku wake kwa kawaida hupoa, lakini mchana chini ya turubai la plastiki la familia iliyokimbia vita, au ndani ya chumba cha mabati kisicho na dari wala dirisha la pili, joto hupita lile la nje kwa nyuzi kadhaa. Mtoto mchanga na mzee mgonjwa hawawezi kujitoa humo wenyewe. Nyasi au majani ya migomba yakitandazwa juu ya plastiki, pande mbili zikifunguliwa ili hewa ipite, na watoto wakihamishiwa chini ya mti kuanzia saa nne hadi saa tisa, hatari inapungua sana bila senti moja. Jirani yetu wa kaskazini, Sudan Kusini, ilifunga shule zake kwa sababu ya joto Machi 2024, na tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuzimia Juba. Darasa la mabati lililojaa watoto huko Oicha halijafika huko, lakini mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyopimwa duniani, na kila nyuzi moja inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba asilimia saba zaidi ya mvuke. Kwa nchi yenye unyevu kama hii, mvuke huo ndio wa kuogopa.

Inabaki swali la kufanya nini mtu akianguka. Desturi ni kutafuta pikipiki na kumkimbiza hospitali, na kwa magonjwa mengi ni sawa. Kwa joto, mpangilio ugeuzwe. Kwenye mbio za Falmouth, jimbo la Massachusetts huko Marekani, madaktari walihudumia wakimbiaji 274 waliopigwa na joto katika miaka 18, wengi wakiwa na joto la mwili la zaidi ya nyuzi 40, na hakufa hata mmoja, kwa sababu walitumbukizwa kwenye maji ya barafu palepale kwenye mbio. Mbau haina barafu, lakini ina vijito, visima na madumu ya njano ya maji, na maji ya kawaida yakimwagwa bila kukoma juu ya mwili uliovuliwa nguo, huku watu wawili wakimpepea kwa majani, yanashusha joto pia. Asinyweshwe kitu ikiwa akili haiko sawa, na umwagaji uendelee mpaka aanze kuongea vizuri. Hapo ndipo pikipiki iitwe, na maji yaendelee njiani. Ubongo uliopita nyuzi 40 unaanza kuharibika ndani ya nusu saa, na kutoka shamba lililo ndani ya msitu hadi hospitali ya Oicha ni zaidi ya nusu saa.